Muujiza Usiovaa Sanda

Wapo wanaosema, na ni wengi, kwamba filamu nyepesi ya mapenzi na vichekesho, yenye muujiza ndani yake, ni anasa ya walioshiba. Wanaizungumzia ile filamu ambayo mwanamume anapigwa na umeme bafuni akaanza kusikia mawazo ya wanawake, au siku moja inajirudia kila kukicha, au msichana wa miaka 13 analala na kuamka ana miaka 30, na katika vurugu hiyo mtu anampata wa kumpenda. Kwa Wamarekani, wanasema, haina neno. Lakini kijana wa Funyula, katika nchi ya Wasamia mpakani mwa Kenya na Uganda, mwenye karo ya kutafuta na muhogo uliooza shambani, ana haja gani na mambo hayo? Apewe filamu ya kumfunza kitu. Nimeisikia rai hii kwa walimu, kwa wachungaji, kwa maafisa wa miradi, na kwa watengenezaji filamu wa Nairobi wanaopaswa kuwa wa kwanza kuikataa. Naipinga yote, tangu shina hadi tawi. Inawadharau watu inaojidai kuwahurumia, haijui hadithi zetu zilivyo, na imezuia isitengenezwe filamu ambayo nchi ya Wasamia imeistahili siku nyingi.

Tuanze na shina. Wanaoitetea rai hii hupenda kuiita busara ya Kiafrika: kwetu, wanasema, sanaa sharti ielimishe. Kwa upande wa filamu, amri hiyo ina tarehe, na wenyewe wanajulikana. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na jaribio lililoendeshwa kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, chini ya Waingereza wawili, Notcutt na Latham. Walitengeneza filamu za kuwafunza Waafrika na kuzizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini. Zilihusu kodi, akiba ya posta, ngozi za ng'ombe, malaria ya watoto. Mojawapo ya chache zilizosalia hadi leo, ya mwaka 1936, inahusu safura, yaani ugonjwa wa minyoo.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka 1939, serikali ya Uingereza ikaunda kitengo maalumu cha filamu za makoloni, na kiongozi wake, William Sellers, akaja na kanuni zake. Mwafrika asiyesoma, kwa maoni yake, hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi. Aonyeshwe jambo moja, polepole, kwa mfuatano usiokatika, na ujanja wa kamera uepukwe kabisa. Mtu asitoweke ghafla, wala kitu kisigeuke kikawa kingine. Kwa maneno mengine, muujiza ulipigwa marufuku kwenye kitambaa chetu cha sinema kabla hatujawa na kamera yetu wenyewe, na sababu iliyotolewa ni kwamba akili zetu hazingeuweza. Afisa wa leo anayesema kwamba watu wa vijijini watachanganyikiwa wakionyeshwa kisa cha ajabu anarudia maneno ya Sellers, kwa lugha laini zaidi na bila kumjua.

Sasa tuje Funyula yenyewe. Ukitoka Bumala ukishika barabara ya kuelekea ziwani, vilima vya Samia vikiwa mbele yako na mawe yake makubwa yaliyobebana, unafika kwenye mji mdogo ambao wanauchumi wa dunia nzima wanaujua bila kuwahi kunywa chai yake. Wanaujua kwa minyoo. Mwaka 1998 watafiti Michael Kremer na Edward Miguel walianza kuchunguza dawa za minyoo katika shule za msingi 75 za tarafa za Budalangi na Funyula, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Matokeo yakachapishwa mwaka 2004: utoro shuleni ulipungua kwa karibu robo katika shule zilizopewa dawa. Mwaka 2019 Kremer akawa mmoja wa watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa utafiti wa aina hiyo. Kazi ile ilikuwa njema. Watoto walikunywa dawa wakapona, na mimi si wa kuibeza afya ya mtoto wa jirani. Ninalosema ni hili: tangu 1936 hadi leo, katika macho ya wanaotutazama, sisi ni tumbo lenye minyoo. Hakuna mtu katika vitabu vyao aliyependa, akakataliwa, akachekwa na dada zake, akarudi tena Jumamosi na kilo ya samaki akijifanya alikuwa anapita tu.

Nimekaa kwenye viwanja vya shule jioni, jenereta inanguruma nyuma ya lori, shuka jeupe limefungwa kwenye milingoti ya goli, na filamu inatufunza jinsi ya kufunga chandarua. Watu huja wengi, kwa kuwa ni usiku na kuna mwanga na kuna wenzao. Wanacheka mahali ambapo mtengenezaji hakukusudia kichekesho: mume wa kwenye filamu amevaa viatu kitandani, au mke anamwambia mumewe maneno ya kijitabu cha wizara, maneno ambayo hakuna mke wa Kisamia amewahi kuyasema chumbani. Kisha taa zinawashwa na kijana mwenye kipaza sauti anauliza, "Haya, tumejifunza nini leo?" Mtoto mmoja anasimama, anajibu sawasawa, anapewa kalamu. Umati ule ulikuja kutafuta hadithi na ukarudi nyumbani na njaa yake. Niliwahi kumsikia mama mmoja akimwambia mwenzake njiani kwamba yule bibi wa kwenye filamu alikuwa mzuri, basi wangemwacha angalau aende harusini.

Watetezi wa rai ile watanijibu kwamba Kenya sasa inatengeneza filamu zake, na hata muujiza umo. Ni kweli, umo. Mwaka 2016 Mbithi Masya alitoa Kati Kati: mwanamke anajikuta kwenye hoteli ya porini, hakumbuki alikotoka, kisha anagundua kwamba yeye na wote walio pale wamekufa. Mwaka 2018 Likarion Wainaina akatoa Supa Modo: mtoto wa kike anaumwa ugonjwa usiopona, na kijiji kizima kinashirikiana kumwaminisha kwamba ana nguvu za ajabu. Ni filamu mbili nzuri. Ya pili sijui mtu aliyeitazama macho makavu. Lakini zipange pamoja uone zinachofanana. Katika ya kwanza wahusika wamekwisha kufa. Katika ya pili mtoto anakufa. Muujiza umeruhusiwa kuingia, mradi uje umevaa sanda. Mwandishi wa Kikenya anayetaka jambo la ajabu litokee sharti alilipie kwa msiba, la sivyo wafadhili na majopo ya matamasha watamuuliza filamu yake inahusu nini hasa.

Na Wanuri Kahiu je? Huyu hakuna awezaye kumwambia hajui mambo mazito. Alitengeneza From a Whisper juu ya shambulio la bomu la Nairobi la 1998, na Pumzi juu ya dunia iliyokaukiwa maji. Kisha mwaka 2017 akasimama mbele ya watu akasema Afrika inahitaji pia sanaa ya furaha tupu, akaipa jina la Afrobubblegum, akapendekeza maswali ya kuipimia kazi yoyote inayotuhusu: je, wamo Waafrika wawili au zaidi walio na afya? Wana uwezo wao, bila kungoja mtu wa kuwaokoa? Wanafurahia maisha? Jaribu maswali hayo kwenye filamu zote ulizowahi kuonyeshwa uwanjani ukiwa shule ya msingi.

Mwaka 2022 Kahiu huyo huyo akaongoza filamu ya aina ninayoitetea hapa, Look Both Ways. Msichana aitwaye Natalie, usiku wa kuhitimu chuo, anapima mimba chooni. Hapo maisha yake yanagawanyika mawili, na filamu inayafuata yote kwa pamoja. Katika maisha ya kwanza ana mimba: anarudi kwa wazazi wake, analea binti, na baba wa mtoto yupo karibu kama rafiki mwenye macho ya kitu zaidi. Katika maisha ya pili hana mimba: anahamia Los Angeles, anafanya kazi kwa msanii mkubwa wa katuni, anapata mpenzi mwingine. Hakuna anayeeleza muujiza huo umetoka wapi, na hauhitaji maelezo. Kwa njia zote mbili msichana analia, anashindwa, anapendwa, na mwishowe anaifikia kazi yake ya kuchora.

Nimewasikia wasomi wakisema Kahiu alipoteza kipaji chake pale. Mimi naona kwamba hakuna mhadhara wa ujauzito wa mapema uliowahi kufanyika chini ya mwembe wowote wa Busia uliomheshimu msichana kiasi kile. Kwenye mihadhara yetu na kwenye filamu zetu za mafunzo, msichana aliyepata mimba ana njia moja tu: kushuka. Anafukuzwa nyumbani, anaugua, anaachwa, na yule mwenzake aliyevumilia anakuwa daktari. Hali hii inaendelea katika nchi ambayo tangu 1994 ina sera ya kumrudisha shuleni msichana aliyejifungua. Sera inasema maisha yake hayajaisha. Filamu za mafunzo zinasema yamekwisha. Na katika kaunti yenye fukwe ambako wavuvi wengine hudai mwili kwa samaki, mambo ya jaboya, msichana anayehitaji kusikia kwamba bado ana kesho ni wa kweli kabisa. Mwepesi kati ya wawili hawa ni nani, Natalie na maisha yake mawili, au mtunzi wa filamu ya chandarua asiyeweza kufikiri kwamba binti wa mtu anaweza kukosea akaendelea kuishi na kucheka?

Hata hivyo nina neno na filamu ile. Natalie anarudi kwenye nyumba yenye chumba chake, baba na mama wenye kipato, gari mlangoni. Msichana wa Nangina au Sio Port hana mto wa kuangukia wa namna hiyo, na filamu haijui kwamba upo mto. Linaloniuma zaidi ni kwamba Mkenya alipotaka kutengeneza filamu ya mapenzi yenye muujiza wa furaha, ilibidi iwe hadithi ya msichana wa Texas, na waigizaji wa Marekani na fedha za Marekani. Muujiza wa msiba tumeruhusiwa kuufanyia nyumbani. Muujiza wa furaha umepewa pasipoti ukaenda kuishi ughaibuni. Rai ninayoipinga ndiyo iliyougongea muhuri.

Na kisa chenyewe, cha maisha mawili ya mtu mmoja yanayokwenda sambamba, kinafaa wapi duniani kuliko hapa petu? Hadi mwaka 1902 Funyula ilikuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza wakaukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakaubandika kwenye eneo lililokuja kuwa Kenya, na mto Sio ukajikuta ni mpaka. Wasamia wa kingo zote mbili za mto wakabaki na mfalme mmoja na serikali mbili. Ndugu walioachana asubuhi wakienda kuchunga wakaanza kuwa watu wa nchi tofauti, wajukuu wao wakaimba nyimbo tofauti za taifa, wakafanya mitihani tofauti, wakahesabu sarafu tofauti. Kila Msamia ana binamu ng'ambo ambaye ni yeye mwenyewe, kama mstari ungepita upande mwingine wa boma.

Mfano wa wazi unajulikana na kila mtu. Moody Awori alikuwa mbunge wa Funyula kwa zaidi ya miaka 20 na Makamu wa Rais wa Kenya tangu 2003 hadi mwanzoni mwa 2008. Ndugu yake, Aggrey Awori, alikuwa mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini nchini Uganda, akagombea urais wa nchi hiyo mwaka 2001, akawa waziri katika serikali ya Museveni. Aggrey huyo, katika miaka ya mwisho ya 1960, ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa Televisheni ya Uganda, kwa hiyo chaguo la picha za kuingia sebuleni mwa Waganda lilikuwa mikononi mwa Msamia. Mwandishi wa Hollywood akikuletea andiko la ndugu wawili wa ukoo mmoja, mmoja ni wa pili kwa rais wa nchi hii na mwingine anautaka urais wa nchi ya pili, utamwambia apunguze chumvi. Kwetu hayo ni maongezi ya matangani. Anayesema kisa cha maisha mawili ni ndoto ya Kizungu hajawahi kuhudhuria mazishi ya Kisamia yenye hotuba za pande zote mbili za mto.

Twende kwenye lawama nyingine, kwamba mapenzi, kicheko na muujiza kuwekwa chungu kimoja ni mapishi ya kigeni. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha hadithi alizosimuliwa Unguja, na mojawapo ni ya Sultani Darai. Maskini anayechakura jaani anaokota thumni, ananunua paa, na paa anaanza kusema. Paa huyo anaokota almasi, anakwenda nayo kwa sultani kumposea bwana wake binti, akimpamba maskini yule kwa jina kubwa na utajiri asiokuwa nao. Siku ya kumleta bwana harusi hana hata nguo. Paa anampiga, anamtupa kijitoni, kisha anakimbia kwa mkwe kutangaza kwamba bwana wake amevamiwa na wanyang'anyi njiani, aletewe mavazi ya kifalme. Hiyo ni vichekesho vya mapenzi vyenye muujiza, vyenye mshenga mwongo kuliko wote waliowahi kutumwa, na vilisimuliwa pwani kabla kamera ya sinema haijavumbuliwa. Mwisho wake ni mchungu, maana mume anamsahau paa aliyemfanya mtu. Lakini hakuna msikilizaji aliyefika kwenye uchungu huo bila kwanza kuvunjika mbavu.

Na kwenye ziwa letu hili hili wapo Nyamgondho na bibi yake. Mvuvi fukara wa Gwassi anatega samaki, anavua bibi kizee. Anamchukua nyumbani, na mifugo inajaa boma. Anakuwa tajiri, anakuwa mlevi, usiku mmoja anamtukana mkewe, na asubuhi mwanamke anatembea kurudi majini, ng'ombe na mbuzi wakimfuata. Yeye anabaki amesimama ufukweni, akageuka mti. Marekani walitengeneza Splash mwaka 1984, mwanamume aliyempenda mwanamke wa majini, dunia ikashangilia ubunifu wao. Wajaluo walikuwa na yao, na nathubutu kusema yao inajua ndoa zaidi.

Lawama niliyoipa uzito kuliko zote ni ya uchawi. Wanasema, na wana sababu: hii ni nchi ambako wazee wa Kilifi wanauawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi kumbe kinachotakiwa ni shamba, na Kisii nako vikongwe wamechomwa. Mtu mwenye dhamiri ataongezaje mambo ya ajabu kwenye akili zilizokwisha kujaa hofu? Swali hili nalijibu kwa kutazama filamu ambazo tayari zimo katika vibanda vyetu vya video. Zile za Kinaijeria, na nyingi za Kibongo zilizozifuata, zina muujiza tele, na kila muujiza una mwenyewe. Mke hazai kwa kuwa mama mkwe amekwenda kwa mganga. Biashara imekufa kwa kuwa jirani amefukia kitu. Shida inapewa jina na sura, mara nyingi sura ya mwanamke mzee, halafu mchungaji anakuja na sauti kubwa. Filamu hizo wenye rai ile hawazisumbui sana, kwa kuwa zina fundisho mwishoni.

Filamu ya mapenzi ninayoisemea haina mchawi. Tazama Groundhog Day ya mwaka 1993. Mtangazaji wa hali ya hewa, mtu wa maringo, anaamka kila asubuhi kwenye tarehe ile ile, Februari 2, katika mji mdogo asioupenda, mpaka ajue kuishi na watu. Katika andiko mojawapo la awali ilielezwa kwamba aliyemfunga ni mwanamke aliyeachwa naye, aliyemlaani. Waandaaji wakaliondoa jambo hilo, na kwa kuliondoa wakaiokoa filamu. Kama mwanamke yule angebaki, mtazamaji angeketi akingoja akamatwe. Alipoondolewa, hakubaki wa kulaumiwa isipokuwa mtangazaji mwenyewe na tabia zake: alivyomjibu mwenye hoteli, alivyompita ombaomba barabarani, alivyomdanganya mwanamke anayemtaka. Jambo la ajabu limeanguka kama mvua, halina aliyelituma, na kazi yote imebaki kwa binadamu. Mahali penye kuuana kwa tuhuma za uchawi, sijui hadithi nyingine inayomfundisha mtu kwa upole namna hiyo kuacha kutafuta jirani wa kumtwika mzigo wake. Ndiyo, nimesema inafundisha. Hadithi nzuri hufundisha, ila haiingii darasani kwanza.

Rai ile hudhani pia kwamba mtazamaji wa kibandani ni mtu wa kumeza tu. Mwenye dhana hiyo hajawahi kulipa akaingia. Mpakani hapa panakutana mito miwili ya usimulizi wa filamu. Kutoka Kampala huja kazi za akina VJ Jingo, wanaoifasiri filamu kwa Kiganda huku inaendelea. Kutoka upande wetu huja za DJ Afro, aliyeifanya kazi hiyo kwa Kiswahili cha mtaani mpaka sauti yake ikajulikana nchi nzima. Msimuliaji anampa stelingi jina la mtaani, anamkemea adui, anakisia bei ya gari linalolipuka, anamwonya msichana asifungue mlango. Watazamaji wanambishia. Wanajua vizuri sana kwamba yule Mchina kwenye paa hasemi Kiswahili, na wanafurahia uongo huo kwa kuwa wanaujua. Hii ni hadhira yenye ustadi mkubwa wa kushika mambo mawili kwa pamoja, picha na maneno yasiyo yake. Sellers alisema haiwezi kufuata picha inayokatika. Inafuata filamu mbili kwa wakati mmoja, na ya pili inabuniwa papo hapo. Karibu vyote wanavyoletewa ni vya ngumi na bunduki, kwa kuwa ndivyo vinavyouzwa kwa jumla mjini. Kicheko chao kikubwa, hata hivyo, hutoka pale stelingi anapobabaika mbele ya mwanamke.

Basi nitasema ninachokitaka, maana malumbano yasiyo na pendekezo ni kelele. Nataka filamu ya mapenzi ya mto Sio. Muujiza wake uwe mmoja, wenye sheria moja: mwaka huo, anayevuka mto, kutoka upande wowote, ulimi wake unakataa kudanganya mpaka arudi kwao. Wenyeji wanadanganya watakavyo, wageni wanasema kweli tupu. Wandera ni wa Funyula, fundi wa kujenga, aliyemwambia Ajiambo kwamba ana kazi ya kudumu Nairobi. Ajiambo ni wa Lumino, ng'ambo, na hajamwambia Wandera kwamba ana mtoto anayelelewa na mama yake. Wanapendana kweli, uongo wao ni wa watu wanaoogopa kupotezana.

Sasa wazee wa posa wavuke. Mjomba wa Wandera, mzee wa kanisa, mwenye koti la sherehe na fimbo, anakaribishwa, anapewa kiti cha mbele, anasafisha koo aanze kueleza ukubwa wa boma lao. Kinachomtoka ni kwamba ng'ombe watatu kati ya wale walioahidiwa ni wa jirani, na wa nne anakohoa. Anashika mdomo. Anajaribu tena, anataja deni la chama. Upande wa bibi harusi wanafurahi, wanajisifu, wanaongeza idadi ya ng'ombe wa mahari, wanamsifu binti kwa sifa zilizo kweli na zisizo kweli. Wiki mbili baadaye ni zamu yao kuja Funyula kuliona boma. Shangazi yake Ajiambo anashuka kwenye mtumbwi, anaketi mbele ya chai na mandazi, na mwenyeji anamuuliza kwa adabu tu, "Shemeji, watoto wa huko hawajambo?" Shangazi anafungua mdomo.

Nani hapo amerogwa? Hakuna. Nani amefundishwa? Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye posa, upande wowote wa mto wowote Afrika Mashariki, anajua mara moja kinachopimwa hapo: tunavyopambana kwa uongo mtamu siku ambayo tungepaswa kujuana. Tangu paa wa Sultani Darai, posa ndiyo jukwaa letu la uongo, na muujiza wa Sio unalipindua kwa kugusa kitu kimoja tu. Hiyo ndiyo nidhamu ya filamu za aina hii ambayo wanaozidharau hawaioni. Unaruhusiwa jambo moja lisilowezekana, moja pekee. Mengine yote sharti yawe kweli kuliko kawaida: bei ya ng'ombe, namna shangazi anavyoshika kikombe, woga wa msichana anapoona siri yake inakaribia mlangoni. Ukikosea hata moja, hadhira itakuacha. Filamu ya chandarua haina mzigo huo. Watu watakaa hadi mwisho kwa kuwa mwenye jenereta ni mgeni.

Kuhusu fedha, hoja ya mwisho ya wenye rai ile, kwamba shilingi chache za filamu ziende kwenye mambo ya haja, jibu langu ni fupi. Muujiza huu hauhitaji kompyuta wala moto wa bandia. Mto upo, mtumbwi upo, vilima vipo, na waigizaji wanaojua Kisamia, Kiswahili na Kiganda kwa ulimi mmoja wamejaa pande zote mbili tangu 1902. Eneo hili hili ndilo lililoanzisha bodaboda, wakati vijana wa Busia walipowapakia watu kwenye baiskeli kuvuka kati ya vituo viwili vya mpaka, na hakuna mtaalamu aliyewaandikia mradi. Serikali za Kenya na Uganda ziliona vema kujenga kituo cha pamoja cha mpakani Busia, marais wawili wakakizindua mwaka 2018, ili malori yasichelewe. Shirika la filamu la nchi na serikali ya kaunti zinaweza kutoa kiasi kidogo cha kamera moja, maikrofoni nzuri na chakula cha waigizaji, ili hadithi nayo ivuke. Kazi ikikamilika, ionyeshwe kwanza Funyula, kibandani, kwa bei ya kawaida ya kibandani, kabla haijapelekwa mbele ya jopo lolote la tamasha. Taa zikiwashwa, pasitokee kijana mwenye kipaza sauti kuwauliza watu wamejifunza nini.